Nukta kwanza, mistari baadaye: namna ya kuchora mawazo yakashikana

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye jambo lenye ncha nyingi na watu wa kulieleza: kiongozi wa likelemba (chama cha kuchangishana pesa kwa zamu) kule Katuba, Lubumbashi, mwalimu wa sekondari Kamalondo, mwanafunzi wa chuo kikuu kule Kasapa anayehangaika na kazi yake ya mwisho wa masomo, katibu wa kamati ya mtaa. Maneno yana tabia moja: yanakwenda kwa foleni, moja nyuma ya lingine. Mambo yenyewe hayaendi hivyo. Bei ya makala (makaa ya kupikia) Lubumbashi inapanda kwa sababu ya mvua, na barabara, na umeme unaokatika, na msitu unaozidi kwenda mbali, na sababu hizo nazo zinasukumana zenyewe kwa zenyewe. Ukizisema kwa mdomo, msikilizaji anabaki na ile ya mwisho. Ukizichora, anaziona zote kwa mpigo, na anaweza kuweka kidole pale asipokubali.

Hicho kidole ndicho tunachokitafuta. Mchoro wa mawazo unatengenezwa ili watu waubishie, na ukimaliza kikao bila mtu kuugusa, ujue umetengeneza pambo la ukutani. Nitatumia mfano wa makala toka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu kila nyumba yenye mbabula (jiko la makala) mjini hapa ina neno la kusema juu yake.

Wazee walifanyaje

Kabla ya kushika chaki, inafaa kukumbuka kwamba kazi hii si ngeni katika nchi hii. Waluba wana lukasa: kibao cha mbao cha kushika mkononi, chembamba katikati, usoni kimepachikwa shanga, makombe na vipande vya chuma. Watu wa chama cha Mbudye, waliofunzwa kutunza kumbukumbu za ufalme, walikishika kwa mkono wa kushoto na kukisoma kwa kidole cha mkono wa kulia. Ushanga mkubwa uliozungukwa na midogo uliweza kuwa chifu na watu wake; safu ya shanga iliweza kuwa njia au safari. Usomaji wenyewe haukuwa mmoja. Ulifuata msomaji, na tukio, na waliokaa kusikiliza.

Magharibi zaidi, kuelekea Angola, Wachokwe wana sona, michoro ya mchangani. Mchoraji anapiga kwanza nukta kwa ncha za vidole, kwa safu zilizopangwa sawasawa, halafu anazungusha mstari kati ya nukta hizo bila kuinua kidole, mara nyingi huku anasimulia hadithi, mpaka umbo linakamilika.

Kutoka kwa sona nachukua utaratibu: nukta kwanza, mistari baadaye. Kutoka kwa lukasa nachukua matumizi: mchoro unasomwa na mtu, kwa kidole, mbele ya watu. Mengine yote hapa chini ni ufafanuzi wa hayo mawili.

Hatua ya 1: andika swali

Juu kabisa ya karatasi au tablo (ubao wa chaki), andika swali moja lenye alama ya kuuliza mwishoni. "Makala ya Lubumbashi" si swali. Chini ya maneno hayo unaweza kuweka chochote, na utaweka chochote, mpaka karatasi ijae. "Kwa nini gunia la makala linapanda bei majira ya mvua yakianza?" ni swali, na faida yake kubwa ni kufukuza. Moshi na mapafu, sheria za msitu, aina za mbabula: yote mambo ya maana, lakini hayajibu swali hili, basi yakae nje.

Swali ndilo linalochagua aina ya mchoro pia. Ukiuliza *kwa nini*, unahitaji mishale ya sababu, na huo ndio mchoro nitakaoufuata hapa. Ukiuliza *inafanywaje*, chora mtiririko: mstatili kwa kila tendo, umbo la almasi kwa kila uamuzi, na kila almasi itoe njia mbili zilizoandikwa ndiyo na hapana. (Almasi yenye njia moja tu si uamuzi, mtu amejisahau.) Ukiuliza *nani yumo ndani ya nini*, tumia miduara inayoingiliana, kama aliyoieneza mwanahisabati Mwingereza John Venn mwaka 1880: wauzaji wa makala kwenye duara moja, wanachama wa likelemba kwenye lingine, na katikati wale walio wote wawili. Ukiuliza *wapi*, hakuna kitu kinachoshinda ramani. Tabibu John Snow, akichunguza kipindupindu cha London cha mwaka 1854, aliweka alama ya kila kifo kwenye ramani ya mitaa ya Soho, na alama zikarundikana karibu na bomba la maji la Broad Street. Hakuhitaji mshale hata mmoja.

Kosa la kawaida ni kujibu maswali mawili kwenye mchoro mmoja, hasa *kwa nini* na *inafanywaje*. Hapo mshale mmoja unamaanisha "inasababisha" na mwingine pembeni yake unamaanisha "halafu", na msomaji hawezi kuvitenganisha. Kata karatasi mbili.

Hatua ya 2: piga nukta

Chukua karatasi zilizotumika upande mmoja, zikate vipande vya ukubwa wa kiganja. Kila wazo linalohusu swali liingie kwenye kipande chake, kwa herufi kubwa, maneno matatu au manne. Usichore mstari wowote bado. Mkono utakuwasha kuunganisha, uzuie. Anayeunganisha mapema anaunganisha vile alivyovifikiria kwanza tu, kisha vinavyofuata anavining'iniza pembeni popote penye nafasi.

Kuna kanuni moja ya kuandika vipande hivi ambayo inaokoa kazi nyingi mbele: andika kitu kinachoweza kuongezeka au kupungua, usiandike hali yake ya leo. Usiandike "barabara mbovu". Andika "ubovu wa barabara". Usiandike "msitu umeisha". Andika "miti iliyo karibu". Sababu utaiona kwenye hatua ya mishale: huwezi kusema "barabara mbovu ikipungua", lakini unaweza kusema "ubovu wa barabara ukipungua, magunia mengi zaidi yanafika". Kipande kizuri kinakubali maneno "ukizidi" na "ukipungua" bila kulalamika.

Kanuni hiyohiyo inakuondolea vipande vinene visivyosema kitu. Katika kila kikao yupo mtu atakayeandika "serikali". Usimkatalie, muulize: serikali ikizidi, nini kinatokea? Atacheka, halafu atasema alichokuwa nacho moyoni: ushuru kwa kila gunia, au idadi ya vizuizi njiani. Hivyo viwili vinahesabika na vinaingia. Vilevile kwa "umaskini", "tabia ya watu" na "Mungu".

Kwa swali letu, vipande vinavyobaki baada ya kuchambua ni kama hivi: bei ya gunia, magunia yanayofika mjini, watu wanaochoma makala, miti iliyo karibu, umbali wa msitu, gharama ya usafiri, mvua, ubovu wa barabara, saa za kukosa umeme, nyumba zinazopikia makala. Hapo vimefika kumi, na mimi sipendi kuzidi hapo kwa mchoro wa ukutani. Ukiwa na ishirini, una maswali mawili.

Lugha ya vipande? Ile ambayo watu watabishania. Mjini hapa kikao kinaanza kwa Kifaransa cha ofisi, na jambo likiwa moto kinahamia Kiswahili, na wazee wakikasirika kinapita Kibemba au Kiluba. Andika kwa lugha ya pale penye moto. Mchoro wa Kifaransa mbele ya mama wauza makala utapata vichwa vya kuitikia na hautapata kidole.

Hatua ya 3: chagua alama, na usizichague zote mwenyewe

Si kila nukta inahitaji picha. Lakini mbele ya watu wasiosoma haraka, au kwenye ukuta unaotazamwa kwa mbali, alama inafika kabla ya neno. Gunia, mti, baiskeli yenye mzigo, taa iliyokatwa mstari: kila moja inachoreka kwa mistari mitano au sita. Alama inayokutaka kipaji cha kuchora iache, kwa sababu mtu mwingine lazima aweze kuinakili kesho kwenye daftari lake.

Alama nyingine zinafanana na kitu chenyewe na hazihitaji maelezo. Nyingine zimekubaliwa tu na watu, kama fuvu la kichwa kwenye mlango wa kabini ya umeme: halifanani na umeme hata kidogo, ila kila mtoto anajua asiguse. Hizi za makubaliano ndizo zenye mitego. Tuseme unataka alama ya "pesa" na unachora msalaba mdogo wa shaba, ule wenye mikono minne iliyo sawa. Ni chaguo la heshima: misalaba hiyo ilimiminwa kwa shaba ya Katanga, ikatumika katika biashara na mahari, na imechimbuliwa makaburini katika bonde la Upemba. Lakini misalaba hiyohiyo mitatu ilikaa pia kwenye bendera ya Katanga iliyojitenga mwaka 1960 hadi 1963. Mzee mmoja kwenye benchi ataona pesa, mwingine ataona mahari, wa tatu ataona siasa, na dakika kumi za kikao zitakwenda huko. Chora noti ya mstatili yenye duara katikati, endelea na kazi.

Dawa ya jumla ni kuuliza. Chora alama, usiseme neno, geukia watu: "Mnaona nini?" Wawili wakijibu tofauti, badilisha alama au andika neno chini yake. Kisha kwenye kona weka ufunguo: alama upande wa kushoto, maana upande wa kulia. Ufunguo usizidi mistari sita. Ukizidi, umebuni lugha mpya na hakuna aliyekutuma.

Mambo mawili ya kiasi na rangi, upesi. Ukitaka kuonyesha kuwa magunia yameongezeka maradufu, chora magunia mawili yanayolingana badala ya gunia moja kubwa. Gunia likirefushwa mara mbili linapanuka pia mara mbili, na jicho linasoma mara nne. Otto Neurath na wenzake kule Vienna, miaka ya 1920, walijenga mtindo mzima wa takwimu za picha juu ya kanuni hiyo: kingi zaidi kionyeshwe kwa alama nyingi zaidi. Na rangi: usiipe kazi ambayo hakuna kingine kinachoifanya. Mchoro wako utapita kwenye fotokopi na nyekundu na kijani zitatoka kijivu kilekile; isitoshe, wapo wanaume ambao macho yao hayatofautishi rangi hizo mbili. Mstari mzima na mstari wa vidoti vinapita kokote.

Hatua ya 4: mishale

Hapa ndipo kazi ilipo. Nukta ni orodha tu, na orodha hata daftari la duka linayo. Unachokijua, na unachodhani unakijua, kinakaa kwenye mishale.

Kanuni ya kwanza: kila mshale uandikwe kitenzi juu yake. "Inaongeza", "inapunguza", "inazuia", "inahitaji", "ni sehemu ya", "inatangulia". Mshale usio na kitenzi unamwachia msomaji kazi ya kukisia, na atakisia anachokipenda. Joseph Novak na kundi lake katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walipoanza miaka ya 1970 kutumia ramani za dhana kufuatilia watoto wanavyoelewa sayansi, walisisitiza maneno hayo ya kiungo kwenye mistari. Nukta, kitenzi, nukta: ukisoma vitatu kwa pamoja, itoke sentensi inayoweza kuwa kweli au uongo. Isipotoka sentensi, futa mshale.

Katika kikao cha likelemba kwenye komini ya Kenya (komini ya hapa mjini, si nchi), mshale ulichorwa kutoka "mvua" moja kwa moja hadi "bei ya gunia". Mama mmoja muuzaji akainuka.

— Mwalimu, ile mushale inasema nini? Mvua njo inauzisha makala?

— Mama, mvua ikinyesha bei inapanda. Si ni vile?

— Inapanda, ndiyo. Lakini juu ya nini? Barabara inaoza, lori inakwama. Tena bale banachomaka bote banarudia ku mashamba, banapanda mahindi. Mvua haina kitu na bei. Iko na kitu na barabara na batu.

Mshale mmoja ukafutwa, ikaingia minne: mvua *inaongeza* ubovu wa barabara, ubovu wa barabara *unapunguza* magunia yanayofika mjini, mvua *inapunguza* watu wanaochoma, kwa kuwa Novemba ni mwezi wa kupanda, watu wanaochoma *wanaongeza* magunia. Tazama kilichotokea. Mama huyo hakuongeza nukta mpya; zote zilikuwa tayari mezani. Alichokuwa nacho ni mistari. Ndiyo maana nasema mshale mrefu unaovuka mchoro mzima utiliwe shaka kwanza: mara nyingi umeruka nukta mbili tatu njiani.

Kanuni ya pili inafupisha vitenzi pale vinapokuwa vingi. Kwenye ncha ya mshale weka + au −. Alama ya + maana yake viwili vinakwenda upande mmoja: cha kwanza kikizidi, cha pili kinazidi; cha kwanza kikipungua, cha pili kinapungua. Alama ya − maana yake vinapishana. Watu wengi wanasoma + kama "vizuri" na − kama "vibaya", na hapo mchoro wote unapinda. Umbali wa msitu kwa gharama ya usafiri ni +, ingawa hakuna anayefurahia.

Sasa fuata mishale kwa kidole uone kama unarudi ulipoanzia. Ukirudi, umepata mzunguko, na mzunguko ndio thawabu ya kazi hii, kwa sababu kwa maneno ya foleni hauonekani kabisa. Katika makala ipo miwili:

bei ya gunia → (+) watu wanaochoma → (+) magunia yanayofika mjini → (−) bei ya gunia

bei ya gunia → (+) watu wanaochoma → (−) miti iliyo karibu → (−) umbali wa msitu → (+) gharama ya usafiri → (+) bei ya gunia

Hesabu alama za − katika kila mzunguko. Wa kwanza una moja. Idadi ikiwa witiri (1, 3, 5), mzunguko unajituliza: bei inapanda, watu wanaingia kwenye biashara, magunia yanazidi, bei inashuka. Wa pili una mbili. Idadi ikiwa shufwa, au zikiwa hazipo kabisa, mzunguko unajichochea: bei inapanda, watu wanachoma zaidi, msitu unasogea mbali, usafiri unapanda, bei inapanda tena. Andika T katikati ya ule wa kutulia na C katikati ya ule wa kuchochea.

Linabaki swali la mwalimu mkorofi: mizunguko yote miwili inaanza na jambo lilelile, sasa upi unashinda? Jibu ni muda. Gunia linafika mjini ndani ya wiki chache. Msitu wa miombo haurudi wala hauishi kwa wiki. Kwa hiyo mshale kutoka "watu wanaochoma" hadi "miti iliyo karibu" ukate kwa vistari viwili vidogo, alama ya kuchelewa. Kwa alama hiyo peke yake mchoro unaeleza kitu ambacho watu wanakijua bila kukisema: bei inashuka kila kiangazi kikirudi, kila mtu anapumua, na baada ya miaka kadhaa ile bei ya chini yenyewe iko juu kuliko ilivyokuwa. Mzunguko wa haraka unaficha wa polepole.

Umeme nao unaingia kutoka pembeni: saa za kukosa umeme → (+) nyumba zinazopikia makala → (+) bei ya gunia. Haumo kwenye mzunguko wowote, kwa sababu hakuna mshale unaotoka kwenye makala kurudi kwenye nyaya. Vitu vya namna hii vichore kwenye ukingo wa karatasi. Vinasukuma, havisukumwi.

Makosa matatu ya mishale nitayataja hapa kwa sababu yanarudi kila mara. Mshale wenye vichwa viwili ni uvivu: ugawe mishale miwili, kila mmoja na kitenzi chake, na mara nyingi utagundua kuwa mmoja hauna kitenzi. Pili, vitu viwili vinavyopanda pamoja si lazima kimoja kivute kingine. Malaria inazidi miezi ileile makala yanapopanda, na hakuna atakayechora mshale kati yao. Mvua inavisukuma vyote viwili, kila kimoja kwa njia yake. Mfano huu ni rahisi kwa kuwa unachekesha. Ukiwa na vitu visivyochekesha, kama bei ya unga na bei ya makala, jiulize kwanza kama kuna cha tatu kinachovisukuma. Tatu, mshale wa kusikia. Kila mshale uulizwe "umejuaje?", na jibu liandikwe kwa herufi ndogo kando yake: D kama dereva wa lori amesema, M kama muuzaji, B kama mtu wa baiskeli anayeleta mwenyewe kutoka porini. Mshale usio na herufi uwe wa vidoti mpaka mtu alete jibu.

Hatua ya 5: panga upya

Nukta yenye mishale mingi ikae katikati. Hapa ni "watu wanaochoma makala" na "bei ya gunia", na kwa kuwa bado una vipande vya karatasi, unavisogeza kwa mkono bila kufuta. Mistari inayovukana ipunguze, hasa ile ya mizunguko, ili kila mzunguko uonekane kama mzunguko kweli. Ukishindwa kuondoa makutano yote usihangaike. Mchoro unaovukana mara mbili na ni wa kweli unafaa kuliko ulionyooka baada ya kung'oa mshale uliokuwa unasumbua. Kisha bandika kwa skochi (utepe wa gundi), au nakili kwenye tablo.

Hatua ya 6: usomwe na mtu ambaye hakuwepo

Mwite mtu ambaye hakuwa kwenye kikao. Mpe kidole, si maelezo. Mwambie aanzie popote na asome kwa sauti. Wewe kaa kimya, na hapo ndipo ugumu ulipo. Akikwama, weka alama pale alipokwama. Akisema sentensi ambayo hukuikusudia, usimsahihishe. Mchoro ndio uliosema hivyo. Watu watatu wa namna hiyo wanatosha, mmoja wao awe mtu asiyependa kusoma.

Kwa mwanafunzi, usomaji huu una kazi ya pili. Kila mshale uliosomeka ni sentensi, kila mzunguko ni aya, na herufi za D, M na B zinakuonyesha ni wapi una ushahidi wa mtu mmoja tu. Ukiwa na aya za mizunguko miwili, na aya moja ya vitu vya ukingoni, sura yako ina mifupa. Na usimwambatishie profesa mchoro wote mwishoni bila maelezo. Ugawe, mzunguko mmoja kwa ukurasa mmoja, karibu na maandishi yake.

Hatua ya 7: simu, kompyuta, na kutunza

Usianzie kwenye kompyuta. Programu inakuuliza rangi na umbo la mstatili wakati bado hujajua nukta zako, na baada ya saa nzima una kitu kizuri ambacho unaona huruma kukifuta. Karatasi haina huruma hiyo. Ikishakubalika, LibreOffice Draw inatosha na ni ya bure, draw.io ipo pia ya kuweka ndani ya kompyuta, ikafanya kazi bila intaneti. Tumia ukubwa wa herufi unaosomeka kwenye simu iliyoshikwa kwa mkono ulionyooshwa, kwa sababu ndiko wengi watakakousomea. Kwenye kundi la WhatsApp utume kama faili ya PDF, usiutume kama picha ya kawaida: picha inabanwa, na zile alama ndogo za + na − ndizo zinazopotea kwanza.

Kabla ya kufuta tablo, piga picha. Kwenye kona iandikwe tarehe, swali, na mahali mlipokaa. Halafu mishale yote ya vidoti igaweni kwa watu: huyu aulize madereva malori yanapoegesha, yule aulize mtu wa baiskeli asubuhi akipita na mzigo, mwingine aangalie bei sokoni Kenya na Katuba siku moja. Kikao kijacho kianze na majibu yao, na anayeleta jibu ndiye ashike chaki.